Saa Niliyoandika Ubaoni

Nilisikia mtu anapiga kelele za kuomba msaada ndani ya pango, nikaongeza sukari kwenye chai.

Msinihukumu bado. Kaeni niwasimulie.

Nafanya kazi kwenye kibanda cha tiketi, juu ya majabali ya bahari. Wageni wanakuja kupanda miamba, kushuka kwa kamba, na zaidi ya yote kuingia pangoni. Pango lina mlango mmoja, chini kabisa, na tundu juu ambako mawimbi yanaruka hewani watu wanapiga picha.

Maji yakipwa, unaingia kwa miguu. Yakijaa, mlango unazibwa na bahari, na aliye ndani ndiyo basi tena.

Ndiyo maana kuna ubao nje ya kibanda. Kila asubuhi nafungua kitabu cha maji, naandika kwa chaki saa ya mwisho ya kutoka pangoni. Mwandiko wangu ndio sheria pale.

Sasa kuna jamaa tunamwita Miwani, mkuu wa waongozaji wote. Kaka yangu alikuwa chini yake. Siku moja fundo la kamba likafunguka, mgeni akaanguka, nyonga ikavunjika. Kaka akafukuzwa.

Akarudi nyumbani, akalala akiangalia ukuta. "Lile fundo alifunga Miwani," akaniambia. "Zigo akanibebesha mimi."

Mchumba wake akamwacha. Akakonda mpaka nikawa namtobolea mkanda matundu mapya kwa msumari.

Nikala kiapo. Nikaomba kazi palepale, wala sikusema mimi ni dada wa nani. Miaka miwili namwambia Miwani "umeamkaje, kaka," meno nje, rohoni nachemka.

Jumatatu hatupokei wageni. Siku hiyo Miwani huingia pangoni peke yake kukagua vyuma vya kushikia. Anasoma ubao, anashuka.

Ikafika Jumatatu ya bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu. Kitabu kilisema mwisho saa nne. Nikaandika saa tano.

Sikutaka afe. Ndani kuna ukingo wa jiwe ambao maji hayaufikii. Nilitaka akae pale masaa sita analia, waokoaji waje, bosi ajionee mkuu wake asiyejua bahari. Mimi ningefuta tano, niandike nne. Neno lake dhidi ya ubao. Afukuzwe kama kaka, naye akaangalie ukuta wa kwao.

Saa tatu na nusu nikasikia hatua zikisimama ubaoni, kisha zikashuka ngazi. Sikuchungulia. Niliogopa uso wangu utanisaliti.

Saa nne na nusu zikaanza zile kelele. Roho yangu ikasuuzika, nawaambia ukweli. Nikakoroga chai taratibu.

"Dada, nani yuko ndani?"

Nikageuka. Miwani. Mkavu, begi mgongoni, ndiyo kwanza anafika.

Kikombe kikaniponyoka.

"Pikipiki imeniharibikia njiani," akasema. "Kuna mtu nilimwambia tukutane hapa saa tatu."

Nikazunguka kibanda mbio. Chini ya ubao palikuwa na ndala, moja imeshonwa kwa waya mwekundu. Niliishona mimi, mezani kwetu.

Sikumbuki nilipiga kelele gani. Nakumbuka Miwani ameshajifunga kamba, amesimama kwenye tundu.

"Zungusha kamba kwenye chuma hiki, uishike," akaniambia. "Nikivuta mara mbili, vuta. Usiachie hata iweje."

Hebu fikiria. Mtu niliyemtegea mtego ananikabidhi uhai wake, na chini yuko ndugu yangu wa tumbo moja. Kamba ikatikisika mara mbili. Nilivuta mpaka viganja vikachubuka.

Kaka akatoka midomo imekauka kwa chumvi, anatetemeka. Miwani akafuata, uso mtupu. Miwani yake ilibaki baharini.

Kaka akamshika mkono. "Nisamehe. Hii mara ya pili nakuponza."

"Ya pili?" nikauliza.

Akainamisha kichwa. "Lile fundo nililifunga mimi, mdogo wangu. Niliona aibu kusema nyumbani."

Kumbe Miwani ndiye aliyekuwa akimbembeleza bosi amrudishe. Siku ile walikuwa wakague vyuma pamoja, na kaka alinificha ili anishtukize kwa habari njema. Na Miwani alijua tangu siku ya kwanza mimi ni dada wa nani.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi changu nilikuwa nakifulia na kukipigia pasi.

"Lakini ubao ulisema saa tano," kaka akasema. "Nikadhani Miwani ametangulia, nikaona ni mwandiko wa mdogo wangu, nikashuka bila wasiwasi."

Miwani akausogelea ubao, akafinya macho. Akanitazama. Halafu akafuta tano kwa kiganja chake kilicholowa, akaokota chaki, akaandika nne.

"Ulisoma vibaya," akamwambia kaka.

Hakunishtaki kwa bosi. Ila kila asubuhi nikimaliza kuandika, anasimama nyuma yangu na miwani yake mpya, anauliza mbele ya wenzetu wote: "Dada, ni saa hiyo kweli?"

"Ni kweli, kaka," najibu.

Mwaka wa tatu huu. Kama hicho si kisasi, basi mimi kisasi sikijui.

Funzo langu ni hili: kabla hujaenda kumlipizia mtu wako, mkalishe chini kwanza yeye mwenyewe, umuulize mara mbili.

Kaka alirudi kazini. Hadi leo akifika ubaoni anafuatisha saa kwa kidole, anacheka kwamba macho yake hayaaminiki.

Kaka, najua simulizi hizi unazisoma mchana, umekaa kwenye ngazi za pango. Hukusoma vibaya.