Usukani Uliogoma Kutetemeka

Leo nimeomba kimoyomoyo gari la mteja litetemeke.

Mara tatu nilimwambia huyu mzee wa Kisawasawa: umeliinua gari inchi nne, viungo vya usukani vimelegea, tuvibadilishe. Shokapu mpya ya usukani itaficha mtetemo tu.

Akanibeza: "Kijana, shokapu inatosha."

Leo kaja anatabasamu. Fundi mgeni wa Ifakara mjini, yule wa ovaroli nyeupe, kamwambia maneno yangu yaleyale. Kakubali palepale, vikabadilishwa!

"Hebu endesha uone kazi ya fundi."

Ya fundi! Na mimi ni nani?

Nikafika spidi sitini, nikakanyaga shimo makusudi. Usukani umetulia. Nikakanyaga la pili. La tatu.

"Sasa wewe, mbona mashimo huyakwepi?"

Jamani, nikalitafuta la nne.