Wake Wawili wa Ami

Juzi nilitoka nyumbani, jambo ambalo mimi hujishauri kwanza kwa siku mbili, nikaona kwa fundi saa kamera kuukuu yenye vijidirisha viwili. Nikacheka peke yangu kama mwehu.

Ami yangu alitaka kuwa mpiga picha wa harusi Kariakoo. Mchana mmoja, mimi nikiwa mtoto, alileta kamera kuukuu mbili azijaribu kabla ya kuchagua: moja ya sanduku tu, isiyo na cha kulengea, nyingine ya vijidirisha, iliyonuka ngozi na tumbaku, tena kwa bei ya kutupa. Akanipa nichungulie. Mkewe, Bi Zuhura, alikuwa uani akikaanga mihogo.

"Nawaona Bi Zuhura wawili!" nikapiga kelele. "Wamekaa bega kwa bega!"

Bi Zuhura alimgeukia Ami.

"Kumbe ndicho unachokitafuta! Irudishe. Nyumba hii ina mke mmoja."

Ami, ambaye naye hakujua kuitumia, akabaki na lile sanduku. Maharusi wote aliowapiga picha wakatoka na nyuso za ukungu, na kazi ikamfia.

Ukubwani nilijua kwamba kamera ile huonyesha kitu mara mbili mpaka ilengwe; ungezungusha gurudumu la lenzi tu, wale wawili wangekuwa mmoja. Nikamweleza Bi Zuhura.

"Sawa, mwanangu," alisema. "Na yule mwenzangu angekwenda wapi?"