Likizo za Anold wa Boila

Anold Mchopa aliendesha boila, mtambo wa mvuke, ya kiwanda cha korosho pale Mtwara kwa miaka tisa, na katika miaka hiyo yote hakwenda likizo hata siku moja. Jambo hilo alipenda kulitaja. Mgeni akifika nyumbani kwake Magomeni, mtaa wa hapohapo Mtwara, kabla chai haijapoa alikuwa ameshaelezwa kwamba korosho isipopata mvuke wa kipimo chake, wabanguaji huvunja kokwa, na kokwa iliyovunjika bei yake ni ya kusikitisha, na kwamba kipimo hicho kilikuwa kichwani mwa mtu mmoja tu kiwanda kizima. Jina la mtu huyo hakulitaja. Hakupenda majivuno.

Mkewe Felista, aliyekuwa akishona nguo mtaa wa Chikongola, kwao ni Kilambo, karibu na mto Ruvuma. Kila mwaka aliomba wafunge safari pamoja wakamwone mama yake. Kila mwaka Anold alirudi kazini na uso mzito.

"Kiwanda kimenikatalia, Mama Danieli."

Mwaka wa kwanza Felista alimwamini. Wa pili akasema, sawa, lakini aletewe barua, maana kule kwao walishaanza kuuliza kama mume yupo kweli au ni hadithi. Anold akaleta barua: kiwanda kinamwomba aahirishe likizo kwa sababu ya wingi wa kazi, sahihi na mhuri. Felista akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa nailoni chini ya vitenge vyake. Barua za namna hiyo zilifika tatu. Miaka mingine Anold alisema mkubwa amekataa kwa mdomo tu, na mdomo haupigwi mhuri. Felista akaenda Kilambo peke yake.

Kisha kiwanda kikafilisika. Kilikuwa kimekopa benki kununua korosho ghafi, bei ikashuka huko zinakouzwa, na mkopo ukabaki palepale. Jumatatu moja wafanyakazi walikuta tangazo getini, na pembeni yake amesimama Bwana Taqi mwenyewe, mwenye kiwanda, anampa kila mtu mkono. Wengine walimuuliza habari za mishahara. Anold aliuliza, "Na boila nani ataizima?"

Wiki mbili alikaa nyumbani. Alikagua jiko la mkaa la Felista na kulikuta na kasoro. Alisimama nyuma yake akitazama chungu cha kisamvu, akashauri kuhusu moto. Siku ya kumi na nne Felista alirudi kutoka Chikongola na habari: mfilisi atakayelipa madeni ya kiwanda amefika kutoka Dar es Salaam, mama mmoja anaitwa Bi Riziki, na anayedai mshahara au likizo apeleke ushahidi.

"Likizo niliyoiacha ilishakwenda zake," Anold alisema.

"Wenzako wanasema inalipwa. Siku ishirini na nane kila mwaka, Baba Danieli."

Midomo ya Anold ilianza kucheza. Tisa mara ishirini na nane. Usiku huo alilala kama mtu mwenye shamba la siku mia mbili na hamsini na mbili.

Asubuhi walikwenda wote, Felista na mfuko wake wa nailoni. Bi Riziki alikuwa amekaa kwenye chumba cha zamani cha mhasibu, miwani imeshuka puani, mafaili yamemzunguka. Aliwakaribisha vizuri, akamsikiliza Anold mpaka mwisho, pamoja na sehemu ya mvuke.

"Bwana Mchopa, siku ambayo hukuitumia si sadaka uliyokipa kiwanda," alisema. "Kiwanda kikifa, deni hilo halifi. Na nyinyi wafanyakazi mnatangulia kulipwa kabla ya waliokiuzia magunia na mafuta. Ila likizo isiyochukuliwa kwa wakati wake hupotea, isipokuwa kama mwajiri ndiye aliyekuomba ubaki. Una chochote cha kuonyesha?"

Anold alikuwa hana. Felista alifungua mfuko, akapanga barua tatu mezani, akizinyoosha moja moja kwa kiganja.

"Mama, umezitunza vizuri," Bi Riziki alisema.

"Nilizitunza kwa ajili ya kesi," Felista alijibu. "Nilikuwa namshtaki kwa wazazi."

Bi Riziki alicheka kidogo, akaziandika zote tatu, akaongeza na mwaka huu ambao muda wake ulikuwa haujapita. Halafu akalivuta faili la Anold.

"Miaka mitano iliyobaki, kiwanda kilikupangia likizo. Fomu hizi hapa. Wewe mwenyewe ulizirudisha." Akasoma moja kwa sauti ya kawaida kabisa: "'Nashukuru, lakini sihitaji. Nikiondoka boila itapata shida.' Hii sahihi ni yako?"

Anold aliitazama sahihi yake. Ilikuwa nzuri, yenye mkia mrefu. Alitamani mkia ule uwe mfupi. Pembeni yake Felista alinyanyua mkono. Alikuwa anahesabu kwa vidole: mitano.

Njiani Felista alimwacha mumewe atembee hatua chache mbele. Walipofika karibu na nyumbani ndipo akasema, "Kwa hiyo mdomo wa mkubwa ulikuwa wako."

"Niliogopa, Mama Danieli."

"Mama yangu?"

Anold alitikisa kichwa. "Niliogopa niondoke, halafu kiwandani wasihangaike bila mimi."

Felista alikuwa ameshaandaa maneno makali ya njia nzima. Aliyameza, si yote.

Malipo yalikuja baada ya miezi minne, mitambo ilipouzwa. Boila ilinunuliwa na watu wa Masasi. Anold alikwenda kuonyesha namna ya kuiwasha, lakini fundi wao, msichana mwenye ovaroli safi, alikuwa ameshaiwasha. Anold aliisikiliza boila akiwa mlangoni. Ilikuwa inaunguruma sawasawa. Akarudi nyumbani akamwambia mkewe apange safari.

Kilambo mama mkwe alimpokea kwa heshima zote, akamtandikia mkeka barazani, akamtazama kwa muda mrefu.

"Karibu, mwanangu. Tumekusikia sana," alisema. "Utakaa siku ngapi?"

Anold alimwangalia Felista.

"Ishirini na nane, mama," Felista alisema. "Zimeshalipiwa."