Pumba za Mwanzo

Nakumbuka asubuhi moja ya tamasha pale Bububu, mwanangu, na mpaka leo nikiikumbuka naona haya ingawa nimekaa peke yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, katibu wa kamati ya tamasha, na kalamu mbili mkobani kana kwamba moja haiutoshi ukatibu wangu.

Tamasha lilikuwa la mashine kongwe ya kusaga nafaka, ile ya mawe mawili. Kulikuwa na maneno kwamba ivunjwe, yajengwe maduka. Tukasema tuwaite watu waione ikisaga mtama, wanywe na uji wake, pengine wataionea imani. Mwenye mashine alikuwa Bi Mize, mjane, aliyekuwa akiyachonga mawe yale kwa mkono wake, yapate makali ya kusagia, tangu alipofiwa na mumewe. Siku moja kabla ya tamasha alimaliza kuyachonga upya, akaniita.

"Zuhura, jiwe likishachongwa huwa na mchanga wake. Kesho, kabla ya mtama, pitisha pumba mara tatu, uwape kuku. Mie ntakuwa nnapokea wageni."

"Nshafahamu, Bi Mize."

Kufahamu nilifahamu, kutii ndiko kulikonishinda. Wageni kutoka mjini walifika mapema, na sheha wetu, mkuu wa mtaa, pamoja nao, nami nikaona kuwasagia watu wakubwa pumba ni fedheha. Nikamimina mtama moja kwa moja. Wazee husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini siku ile guu lililovunjika halikuwa langu.

Uji ulipogawiwa, watu wakaanza kutema. Mchanga ulikuwa unalia menoni. Mmoja akasema kwa sauti, "Bora hayo maduka!" Bi Mize akachukua bakuli lake, akanywa akiwa amesimama, funda baada ya funda, mpaka akalimaliza, na watu wote wanamtazama. Kisha akasema, "Niwieni radhi, wageni wangu. Mawe nimeyachonga mie."

Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, nikanyamaza. Hilo ndilo kosa langu, mwanangu. La pumba lilikuwa ujinga wa ujana tu.

Wiki nzima hakuna aliyepeleka nafaka pale. Siku ya nane nikaenda kwake, nikaungama huku nalia. Alikuwa anapepeta mchele, wala hakuuweka ungo chini.

"Mie unanambia nini? Nlijua tokea funda la mwanzo. Kawaambie waliokunywa."

Nikaenda nyumba kwa nyumba. Wapo walionicheka, na bibi mmoja alinifungia mlango nikiwa bado naamkia. Nilistahili. Sheha alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Na Bi Mize alijua kama ni wewe?" Nikamwambia alijua. Ijumaa, baada ya sala, akaenda mashineni na gunia la mtama begani, yeye mwenyewe, mchana kweupe. Wanawake wakafuata, na habari ya maduka ikafa polepole. Bi Mize, Mungu amrehemu, hakunisimanga hata siku moja. Alinipa nyundo na patasi, akanifundisha kuchonga.

Ukupigao ndio ukufunzao, mwanangu. Utakosea, mimi hilo silihofii kwako. Ninalolihofia ni ule muda mfupi baada ya kosa, pale mwenzio anapolimeza mbele za watu nawe unatazama chini. Muda ule ukikupita, utalipa kwa kugonga milango mingi. Na ukienda kuungama, usiende kwa yule tu unayejua atakusamehe. Nenda kwa uliowadhuru, hata yule atakayekufungia mlango.

Mola akupe wazee wa kukukemea na masikio ya kuwasikia. Akupe kifua cha kusema "ni mimi" mapema, kabla mwingine hajasema kwa niaba yako. Amin.