Madigrii ya Mwana wa Mwamvita

Kosa ni langu, sina wa kumsingizia. Nimekaa nalo tangu Mzungu anatawala hapa mpaka leo nina vitukuu, na niliyemkosea nimeshamzika. Jina langu silitoi. Yao nayakumbuka yote, nitayataja, maana wenyewe hawapo tena wa kuaibika.

Mwamvita alikuwa Mzaramo, mimi Mnyamwezi, kwa hiyo tulikuwa watani. Nyumba zetu zilitazamana, Kariakoo, upande wa Msimbazi. Utani wa siku hizo haukuwa mchezo: nakutukana mbele za watu, nakula chakula chako bila kuomba, na ukinuna, mwenye makosa ni wewe.

Mwanawe, Ramadhani, alipata nafasi chuo kikuu, Uganda. Mtaani petu hakukuwa na mwingine. Asubuhi Mwamvita akikaanga vitumbua barazani, kila mnunuzi lazima aambiwe: "Ramadhani wangu anasomea madigrii. Akimaliza, madiplo."

Lilinikera hilo, sijui nikwambieje. Mimi niliishia darasa la pili, lakini mume wangu, Kasanda, alikuwa karani wa reli pale Gerezani, na maneno hayo alinifundisha yeye. Digrii. Diploma. Basi nikajiona nimesoma mimi.

"Mtani," namwambia, "digrii ni moja. Unasema madigrii kama magunia ya mkaa? Na hiyo diploma, mkia wake umeunywea chai?"

"Wivu tu, Mnyamwezi wewe. Wako anasomea nini? Kubeba mizigo?"

Watu wanacheka, na mimi nacheka, huku ndani naungua. Kwa sababu ni kweli. Hamisi wangu shule ilimshinda, akawa mchukuzi stesheni.

Ramadhani akarudi likizo na homa. Hakuinuka.

Siku ya tatu ya msiba ni ya watani. Kazi yetu ni kuwachekesha wafiwa. Unamwigiza marehemu, anavyotembea, anavyokula, mpaka mama yake acheke, ndipo alie vizuri. Nikavaa koti la Ramadhani lililokuwa msumarini, nikabana gazeti kwapani, nikatembea kama yeye, shingo mbele. Mwamvita alicheka, machozi yanamtoka. Wallahi alicheka. Ningekoma hapo, leo nisingekuwa na la kuandika.

Sikukoma. Nikageuza sauti, nikawa Mwamvita mwenyewe. "Mwanangu, malaika wakija kukuuliza huko kaburini, usihangaike. Waonyeshe madigrii. Wakizidi, watolee na madiplo."

Wawili watatu wakacheka. Nikaona haitoshi. Nikamwinamia, sasa kwa sauti yangu: "Nilikwambia ni moja, mtani. Na hiyo moja yenyewe hakuipata."

Bibi Tatu, mama yake Mwamvita, akajifunika kanga usoni.

Mwamvita hakunitukana. Mila haimruhusu, na mimi nilijua haimruhusu, ndiyo maana nikasema. Akaniambia, "Asante, mtani. Koti nenda nalo. Mtani haondoki mikono mitupu."

Tangu siku ile sikumsikia tena akimtaja Ramadhani. Vitumbua alikaanga kimya. Nikapita barazani kifua mbele, nikijiambia nimemkomesha.

Kisha Hamisi wangu akagongwa na behewa.

Siku ya tatu Wazaramo wakaja, Mwamvita mbele. Wakakaa mkekani, wote wanamtazama yeye aanze. Na mimi namtazama. Nilikuwa sijatoa chozi tangu walipomleta mwanangu ndani, limekaa hapa kooni kama kokwa. Ningepokea lolote. Aseme Hamisi alikuwa mbumbumbu, aseme alibeba masanduku ya watu mpaka akasahau la kwake.

Hasemi. Nikajikokota mpaka alipokaa. "Mtani, nisemee mwanangu. Nitukane. Nichekeshe."

Akanishika mkono kwa upole kabisa. "Kuongea sijui, mama. Naogopa kukosea."

Mama. Kama mgeni aliyekutana naye kivukoni Magogoni. Alipokwisha kusema hivyo, hakuna Mzaramo aliyefungua mdomo. Wakanywa kahawa, wakanipa pole, wakaaga. Nikabaki na kokwa langu, na sikudanganyi, lipo mpaka leo. Neno mtani Mwamvita hakuniita tena mpaka anakufa.

Juzi mjukuu wangu kaja kunieleza habari za "mamasta" yake. Ulimi uliniwasha kweli kweli. Nikaumeza, nikamwambia hongera, mama.

Na wewe unayesoma, ukimsikia mtu anamsifu mwanawe, mwache aliseme neno linavyomtoka. Wala usijifiche nyuma ya utani, kama nilivyojificha mimi, ukamchoma mtu asiye na ruhusa ya kukasirika.

Koti ninalo, liko msumarini. Wa kumrudishia hayupo.