Darasa Lilijibu kwa Sauti Moja

Darasa letu lilinuka maziwa yaliyochacha. Kabla ya Uhuru lilikuwa banda la ndama la mzungu mmoja aliyelima Nyansiongo, na ingawa wazazi wetu walilisugua na kulipaka chokaa walipogawiwa mashamba, harufu haikutoka. Asubuhi za baridi, ukungu ukiwa umelala juu ya mahindi, ilipanda kutoka sakafuni ikachanganyika na moshi wa kuni uliokuwa kwenye sweta zetu. Nimehamahama tangu nimalize sekondari, na katika kila mji nilioishi, nikifungua maziwa yaliyoharibika, kitu cha kwanza ninachosikia ni watoto wakisema Kiingereza.

Nilikuwa darasa la nne, miaka ya sabini ikiwa imeanza, Mwalimu Mogaka alipotuletea mchezo. Alikuwa kijana kutoka Suneka, mpole, mwenye furaha ya mtu aliyetoka chuoni juzi. Mmoja wetu alitoka nje, waliobaki wakachagua mwenzao kwa siri. Aliyetoka akirudi, aliuliza kwa Kiingereza kama huyo mtu anaweza kufanya jambo fulani, darasa zima likaitikia anaweza au hawezi, mpaka ajue ni nani. Aliyebahatisha jina alipewa nyundo akapige kengele ya mapumziko, kipande cha chuma cha trekta kilichoning'inia kwenye mti wa mkaratusi. Niliitamani ile nyundo kuliko chakula.

Siku yangu ilipofika, nilirudi ndani nikakuta vicheko vimefinywa midomoni. Nikauliza kama anaweza kukimbia.

"No, he cannot!"

Kuruka? "No, he cannot!" Kucheza mpira? Safari hii walipiga na madawati.

Nilijua. Kila mtu alijua. Ombati, jirani yetu, aliugua akiwa mdogo na mguu wake wa kushoto ukabaki mwembamba kama mpini wa jembe. Alikuwa ameketi karibu na dirisha akichunguza kucha zake kana kwamba anazungumziwa mtu wa mbali huko Kiogoro. Ningetaja jina lake nikachukua nyundo yangu. Lakini nilitaka darasa limwitikie ndiyo hata mara moja tu, ndipo nilitaje. Nikauliza kama anaweza kuimba. Hawezi! Kusoma? Hawezi! Walikuwa wamekwisha kunogewa, hawakusikiliza tena maswali. Nikauliza kama anaweza kula.

"No, he cannot!"

Hata Mwalimu alicheka. Nilihisi machozi ya hasira, na Kiingereza changu kilikuwa kinaniishia. Nikatoa swali nililokuwa nalificha. Je, anaweza kuendesha baiskeli?

"No, he cannot!"

"Yes, he can!" nilipiga kelele.

"Kemunto, wewe unauliza au unajibu?"

"Mwalimu, anaweza! Nimemwona!"

Nilikuwa nimemwona jioni nyingi, kwenye mteremko wa nyuma ya malisho. Alikalia mtaimba, kile chuma cha katikati ya baiskeli, akafunga mguu wake wa kulia kwenye pedeli kwa ukanda wa mpira wa tairi, ili mguu huohuo uliokanyaga chini uweze kuivuta pedeli juu. Aliteremka na hata kupanda, bila kusukumwa na mtu.

"Umemwona wapi?" Mwalimu aliuliza. "Na baiskeli ya nani?"

Hapo nikageukia dirishani. Baiskeli ilikuwa ya baba yake, ya kupeleka maziwa, na aliyeigusa alichapwa kwa mshipi. Mzee huyo na Mwalimu walisali kanisa moja la Wasabato kila Jumamosi. Ombati alinitazama, akatikisa kichwa polepole.

"Haya basi, ni nani?"

"Ombati," nikasema. Wakanipigia makofi. Nikapewa nyundo, nikaenda nikapiga kile chuma mpaka mkono ukafa ganzi.

Njiani kurudi nyumbani Ombati alinitangulia bila kunisubiri. "Nani alikutuma unisemee?" alisema. "Na ukishaanza kunisemea, mbona ukanyamaza?"

"Ulitikisa kichwa!"

"Nilitikisa. Sasa?"

Nikamfuata kwa nyuma mpaka njia ya kwao.

Mwaka huu nilipita Nyansiongo. Banda limekuwa ghala la mbolea. Ombati hubeba maziwa ya majirani kwa pikipiki aliyojitengenezea mwenyewe, gia ameihamishia mkononi. Nilimuuliza kama anaukumbuka mchezo ule. "Nakumbuka kengele," alisema. "Wee Kemunto, uliipiga kama nyumba inaungua." Akacheka, akaondoka, maana maziwa hayangoji.

Nilikuwa nangoja gari la Kisii karibu na shule mpya, ya matofali, yenye madirisha ya vioo. Ndani, watoto walikuwa wanacheza mchezo uleule. Swali sikulisikia, lakini jibu lilifika barabarani. "No, she cannot!" Likaja jingine, hilohilo, na jingine. Wasichana siku hizi wanapanda baiskeli, wazazi wanafika shuleni kulalamika, walimu wana vitabu vyenye picha za rangi, na bado kuna mtoto ameketi humo ndani akichunguza kucha zake. Gari lilisimama, utingo akaniita, "Mama, Kisii!" Nikamwonyesha kwa mkono waende. Nilisimama penye ua wa shule, vidole vimeshika waya wake, nikingoja darasa liseme ndiyo. Kengele ikalia kabla halijasema.