Malkia Aliyekataa Kuamka

Mtaani walimwita Malkia, na wengi hawakujua kwa nini. Mama anayepiga pasi nguo za watu kwa dobi, mikono imejaa alama za moto, umalkia kautoa wapi? Wenye umri walikumbuka. Kabla ukumbi wa maonyesho haujageuzwa ghala la saruji, alikuwa akicheza tanzia ya kale: malkia anamkuta mumewe ameuawa, anamvua viatu taratibu, anakunywa sumu, anajilaza ubavuni mwake. Kikundi chao kilikuwa na mwiko mmoja. Aliyekufa jukwaani haamki kupigiwa makofi. Hulala palepale mpaka mtazamaji wa mwisho atoke, maana kifo, walisema, si mchezo hata kikiwa mchezo.

Binti yake, msusi, hakuwahi kuiona. Alizaliwa ukumbi umeshafungwa. Ndiyo maana kijana mmoja mwimbaji alipotafuta mama wa kulia kwenye video ya wimbo wake wa mapenzi, Malkia alikubali hata kabla ya kuuliza ujira.

"Safari hii utaniona, mwanangu," alimwambia bintiye.

"Haya mama, ila usije ukaniaibisha," binti alijibu, akicheka.

Siku ya kurekodi, wimbo ulipigwa na kurudiwa hadi ukamchosha Malkia. "Nitakufa, mpenzi, nitakufa." Kila kiitikio kijana alikufa, kisha akaweka miwani yake sawa.

"Mwanangu," Malkia alimwambia, "kwenye tanzia yetu hakuna anayesema atakufa. Anakufa tu. Yule mama kashika viatu vya mumewe, maneno yamemwishia. Wewe unayo tele. Aliyefiwa anapata wapi pumzi ya kiitikio?"

"Mama, huu ni wa kuchezwa harusini," kijana alisema. "Wewe lia kidogo, anguka, basi. Poda isiharibike."

Hakulia kidogo. Alimvua kijana viatu kama alivyokuwa akimvua yule mfalme, akaanguka, akafa. Muziki ukazimwa. Mwongozaji akasema imetosha. Malkia hakuamka, watazamaji walikuwa bado wapo. Wakamwita, wakamtikisa. Mtu akasema bibi kazimia, mwingine akammwagia ndoo ya maji usoni. Akakurupuka, wigi likabaki chini, na kamera ilikuwa bado inarekodi.

Hicho ndicho walichokirusha mtandaoni. Viatu wakavikata, kifo wakakikata, wakabakiza maji, wigi na vicheko, vikirudi kila penye kiitikio. Watu wakacheka hadi wakatoa machozi, watu walewale ambao wangelipia kiingilio kumwona akifa, kama wangeachiwa ukumbi wao.

Malkia mwenyewe alikuwa hajaiona video hiyo. Alikwenda saluni ili aitazame pamoja na bintiye. Alipofika mlangoni akausikia wimbo, akawaona wateja wameinamia simu moja, mabega yakitikisika.

"Dada, huyu bibi si wa mtaa wenu?" mmoja alimuuliza msusi. "Mbona pua mmefanana?"

Kitana kikasimama katikati ya nywele.

"Simjui," binti alisema.

Kisha akainua macho kwenye kioo, akamwona mama yake amesimama nyuma yake.

"Karibu," alisema, kwa sauti ile anayowakaribishia wateja.

"Endelea na kazi," Malkia alisema. "Nilikuwa nampitia binti yangu. Nimekosea mlango."